Tangawizi Haikukuponya

Mvua za Aprili zikishaanza Eldoret, mji mzima hugeuka kliniki. Piga chafya moja ndani ya matatu ya Langas, na kabla hujafika mjini utakuwa umeandikiwa dawa na abiria watatu. Wa kwanza atakwambia tangawizi, limau na asali. Wa pili, kitunguu saumu kibichi, ukimeze asubuhi kabla hujatia kitu tumboni. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mzee mwenye koti zito, atawasikiliza wote wawili kisha aseme hizo ni dawa za watoto. Mwanamume hutafuna gome la soget. Hakuna atakayeuliza nani alipima, alipima vipi na alipata nini. Swali hilo huonekana utovu wa adabu.

Mimi naliuliza, maana imani hii sasa haina mpinzani. Iko mimbarini, iko redioni, iko kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, na waliosoma wanaishabikia kuliko wasiosoma. Inadai mambo matatu: kwamba mitishamba huzuia mafua na flu, kwamba mtu akishashikwa, humponya, na kwamba hata isipofanya lolote haidhuru, kwa kuwa ni ya asili. Madai mawili ya kwanza hayana ushahidi wa kuyabeba. La tatu ni uongo, na ndilo linalozika watoto.

Tuanze na kupona, kwa sababu hapo ndipo mjadala hukwama kila mara. "Mimi nilikunywa nikapona." Sina shaka ulikunywa, na sina shaka ulipona. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya kila namna, na kundi lililo kubwa zaidi, rhinovirus, lina aina zaidi ya 160. Kwa mtu mzima mwenye afya hukaa siku 7 hadi 10, yakapamba moto siku ya pili au ya tatu, kisha mwili wenyewe ukayafukuza. Sasa jiulize ni lini mtu wa Kapsoya au Huruma huchemsha tangawizi. Si siku ya kwanza. Siku ya kwanza anasema ni vumbi. Huchemsha siku ya tatu, pua imeziba na kichwa kinagonga, yaani wakati uleule ambapo ugonjwa unaanza kuteremka. Siku ya tano anaamka ana nafuu, na sifa zote zinakwenda kwa sufuria. Jogoo awike asiwike, kutakucha.

Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe askofu, hauna uzito hapa. Wanatakiwa watu wengi, nusu wapewe dawa yenyewe, nusu wapewe kitu kinachofanana nayo, wenyewe wasijue nani kapata nini, kisha wahesabiwe. Kitunguu saumu kimewahi kupitishwa kwenye tanuri hilo. Watu 146 nchini Uingereza walifuatiliwa kwa wiki 12 za majira ya baridi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001: waliomeza vidonge vya kitunguu saumu walipatwa na mafua mara 24, wale wengine mara 65. Wapenzi wa kitunguu watashangilia, na nawapa haki yao. Hiyo ndiyo silaha kali kuliko zote walizo nazo. Lakini ni jaribio moja, lililotegemea watu kujiandikia dalili zao wenyewe, na wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kupekua majaribio ya tiba ya dunia nzima, walipolipekua walisema peke yake halitoshi kuamua jambo. Tena kilichomezwa si kitunguu cha sufuriani. Kilikuwa kidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya alisini, kemikali inayozaliwa kitunguu kibichi kinapopondwa. Kimeng'enya kinachoizalisha hufa kwa moto. Anayekitumbukiza kitunguu kizima kwenye maji yanayotokota amekwisha kuua alichokuwa anakitafuta. Kilichobaki ni mchuzi.

Limau lina kisa kizuri zaidi, na kinaihusu Eldoret moja kwa moja. Majaribio ya vitamini C ni mengi na yamehusisha watu zaidi ya 11,000. Kwa raia wa kawaida, kuimeza kila siku hakukupunguza idadi ya mafua. Kulifupisha ugonjwa kwa kama asilimia 8 tu kwa watu wazima. Walioanza kuimeza baada ya kuugua hawakupata faida ya kuaminika. Ila kulikuwa na kundi moja lililojitenga na wengine: wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa thelujini na wanajeshi wa mazoezi makali, jumla yao 598. Kwao hatari ya kupata mafua ilipungua kwa karibu nusu. Kijana anayekimbia kilomita 30 alfajiri kule Kaptagat au Iten ana sababu ya kuisoma habari hiyo mara mbili. Sisi wengine, ambao mbio zetu ni za kuwahi matatu, hatumo. Na huyo mkimbiaji naye atazame kipimo: majaribio hayo yalitumia angalau miligramu 200 kwa siku, ilhali juisi ya limau moja haifiki 50, na sehemu yake hupotea kwenye moto. Pera moja lililoiva lina vitamini hiyo kuliko limau mbili, wala halina mhubiri wa kulinadi.

Sisemi umwage kikombe chako. Usiku wa Julai hapa kwetu, mita 2,100 juu ya bahari, baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, na kitu cha moto mkononi ni neema. Asali imepimwa kwa watoto wenye kikohozi na imeonekana kuwapa nafuu, hasa ya usiku, kuliko kuwaacha bila kitu. (Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja ni marufuku kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wake haujaweza kuvishinda.) Tangawizi huwasha koo na kulisahaulisha maumivu. Mvuke wa mkaratusi una mchezo wa kuvutia: harufu yake, kama ile ya mentholi kwenye marashi ya kujipaka kifuani, huamsha neva za baridi puani na ubongo ukadhani njia imefunguka, ingawa ukipima hewa inayopita utaona pua imeziba vilevile. Faraja si kitu cha kudharau. Lakini faraja na kinga ni vitu viwili, na muuzaji anayesimama na thamosi karibu na stendi saa kumi na mbili asubuhi hauzi faraja. Anauza kinga. Msikilize: dawa yake inazuia homa, inasafisha damu, inateremsha presha, na ukiinama kidogo atakuambia na jambo jingine ambalo gazeti haliwezi kuliandika. Kitu kinachotibu magonjwa yote hayo kwa kikombe kimoja kingekuwa kimekwisha kufunga hospitali.

Hapo ndipo wazee huletwa. Wazee wetu, tunaambiwa, waliishi miaka mia bila hospitali. Wazee gani? Tangawizi na limau asili yake ni Asia. Mwarobaini umetoka Bara Hindi. Mkaratusi, unaojaza mipaka ya mashamba Uasin Gishu nzima, ni mti wa Australia ulioletwa na wakoloni. Sufuria inayoitwa ya mababu imejaa mimea ambayo babu wa babu yake Mnandi hakuwahi kuitia machoni. Na mababu hao, misitu ikiwa ingali yao, walipata nini mwaka 1918? Influenza iliingia kwa meli kupitia bandari ya Mombasa mwezi Septemba, ikapanda bara, na kufikia Machi mwaka uliofuata ilikuwa imeua watu wanaokadiriwa kufika 150,000 katika nchi hii, kati ya asilimia 4 na 6 ya wakazi wote. Hawakukosa mizizi wala magome. Hospitali za mkoloni nazo hazikuwa na tiba ya ugonjwa huo, na nalisema hilo bila kinyongo. Lakini atakayesimama leo kusema kwamba zamani hakukuwa na flu iliyoshinda mitishamba, anawafuta wafu wale kwa ulimi.

Sasa soget, ambayo nimeiweka kando kwa heshima yake, maana huu kweli ni mti wetu. Wataalamu wa mimea huuita Warburgia ugandensis. Kwa Wakikuyu ni muthiga. Hukua katika misitu kama Kakamega, na gome lake hufika sokoni Eldoret likiwa limetandazwa juu ya gunia, vipande vya urefu wa kiganja, nje kahawia, ndani rangi ya waridi iliyopauka. Utafune. Kwanza hakuna kitu. Kisha pilipili inakuja kutoka nyuma ya ulimi, inapanda puani, machozi yanatoka na kamasi inalegea. Ukitoka hapo huwezi kuniamini nikikwambia hujatibiwa.

Ukali huo una majina. Mwaka 1976 wanasayansi waliofanya kazi na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walitangaza kwamba wamepata ndani ya miti ya jamii hii kemikali waliyoiita warburganal, na walichokuwa wanakitafuta si dawa ya mafua. Walikuwa wanatafuta kitu cha kuwazuia viwavijeshi wasile mazao, na kiwavi akipakiwa kemikali hiyo kwenye jani hususia chakula. Kwa eneo linaloilisha Kenya mahindi, hiyo ni habari kubwa. Maabara nyingine zimeonyesha tangu hapo kwamba dondoo za gome hilo huua bakteria na kuvu kwenye sahani ya kioo. Lakini mafua si bakteria wala kuvu, na koo la mtu si sahani ya kioo; hata sabuni ya kufulia huua vijidudu kwenye sahani. Kutoka hapo hadi kusema soget inazuia flu kuna safari ndefu ambayo hakuna aliyeimaliza. Naamini inafaa kusafiriwa. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa mwaka 1979, ina kituo kizima cha tiba asili, na Chuo Kikuu cha Moi kina shule ya tiba hapahapa mjini. Wapewe pesa wapime.

Wakati tunasubiri, mti unakufa. Gome ndilo linalopitisha chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa na mti hukauka umesimama. Watafiti wa Afrika Kusini, ambako ndugu yake Warburgia salutaris ameandamwa na wachuuzi mpaka akawa adimu, walipendekeza watu watumie majani badala ya gome. Ni ushauri wa busara ambao sijaona mtu akiufuata kwetu, kwa kuwa mnunuzi anataka gome, na gome nene zaidi hutoka kwenye mti mzee zaidi. Tunaikata dawa ambayo bado hatujajua inatibu nini.

Watetezi wa mitishamba hupenda kusema Wazungu wanatuficha, kwamba kampuni za dawa zinaogopa mizizi yetu. Natamani ingekuwa kweli. Kampuni za dawa hazijawahi kuogopa mzizi, huununua. Gome la mti tunaouita tendwet, Prunus africana, limesafirishwa Ulaya kwa miaka mingi kutengeneza dawa za tezi dume, hata biashara yake ikawekwa mwaka 1995 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini. Oseltamivir, dawa ya flu iliyopata jina kubwa wakati wa hofu ya homa ya ndege, ilianza kutengenezwa kwa asidi iliyokamuliwa kwenye kiungo cha Kichina kinachofanana na nyota, kile ambacho wapishi wa pilau wanakijua. Wala haimaanishi kwamba kunywa chai ya kiungo hicho kunatibu flu.

Mwanamke anayepaswa kutajwa katika hoja hii ni Tu Youyou wa China, aliyepewa Nobel mwaka 2015. Alisoma katika kitabu cha tiba cha karne ya nne kuhusu mmea wa artemisia na homa za vipindi. Yeye na wenzake walikuwa wameuchemsha na matokeo yakawa yanayumba. Kitabu kile hakikusema uchemshwe. Kilisema uloweshwe na ukamuliwe. Akashuku kwamba moto ndio unaoharibu, akatumia kiyeyushi kinachochemka kwa joto dogo, na hapo ndipo artemisinini ilipopatikana, dawa ambayo vizazi vyake viko ndani ya karibu kila dozi ya kutibu malaria inayotolewa Kenya leo. Alikiheshimu kitabu cha wazee kiasi cha kukihoji. Linganisha na mwaka 2020, pale mmea huohuo ulipochemshwa Madagascar, ukatiwa chupani kwa jina la Covid-Organics, na Tanzania ikatuma ndege kuuchukua, huku wananchi wakihimizwa kujifukiza. Marais wa nchi hizo mbili walisema, ikatosha. Hapa kwetu nako bei za tangawizi na limau zilipaa sokoni, na waliopona, ambao ndio wengi katika Covid, wakajua cha kushukuru.

Nimechelewa kufika kwenye madhara, nayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Kujifukiza ni sufuria ya maji yanayochemka, blanketi, na mtoto asiyetaka kukaa chini yake. Majeraha ya moto ya namna hiyo yameandikwa na madaktari katika nchi nyingi. Vitunguu saumu kwa wingi hufanya damu iwe nyepesi, jambo ambalo daktari wa upasuaji angependa kulijua kabla hajakufungua. Walipojaribiwa watu wenye afya, vidonge vyake vilipunguza kwa nusu kiwango cha saquinavir mwilini, moja ya dawa za zamani za virusi vya Ukimwi. Dawa hiyo haitumiki sana siku hizi, lakini katika mji wenye wagonjwa wengi wanaotibiwa chini ya AMPATH, mpango wa kutibu Ukimwi ulioanza 2001, funzo lake halijazeeka: mwambie daktari unachokunywa nyumbani. Na unga usio na lebo ni unga usio na lebo. Wasimamizi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekamata mara nyingi mitishamba "safi" iliyochanganywa na steroidi, ndiyo maana ilifanya kazi haraka hivyo. Mwanariadha akipimwa na kukutwa nayo, hakuna atakayesikiliza habari za bibi yake.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni siku zinazopotea. Mtoto anaanza kukohoa Jumatatu. Anapewa tangawizi. Jumatano kifua kinabana. Jirani anasema ongeza kitunguu. Mama anachemsha kwa saa nzima juu ya jiko la makaa, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, na mtoto mgonjwa anavuta moshi ambao wenyewe huongeza hatari ya nimonia. Ijumaa usiku wanatafuta bodaboda. Hakuna aliyekuwa mzembe hapo. Kila mmoja alifanya alichoambiwa na watu wanaompenda, na sufuria haikumdhuru mtoto kwa sumu. Ilimdhuru kwa kumfanya mama aamini kwamba matibabu yameshaanza.

Nitaulizwa: wewe unatupa nini badala yake? Swali la haki, na jibu linaiaibisha serikali kuliko mama. Chanjo ya flu ipo, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wetu; anayeitaka huinunua mwenyewe. Ile ya nimokoka ilianza kutolewa bure mwaka 2011, na hiyo haifai kukosa kwenye kadi ya mtoto yeyote. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba asili na kutaka isimamiwe, ila ukipita sokoni leo hutamwona msimamizi. Na duka la dawa linalokuuzia amoxil kwa mafua, bila swali wala cheti cha daktari, halina tofauti na mwenye thamosi. Amoxil haiui virusi, na ni afadhali mwenye thamosi, kwa sababu tangawizi haizalishi bakteria sugu. Kinachopunguza mafua kimekaa bila mnadi: kunawa mikono kwa sabuni, kufungua dirisha la matatu hata kama abiria wananung'unika, kubaki nyumbani unapoumwa ikiwa kazi yako inakuruhusu. Za wengi haziruhusu, najua.

Basi kunywa chai yako ya tangawizi, ufurahie. Ila mtoto akikohoa, kabla hujawasha jiko, mfunue kifua akiwa ametulia, tazama saa, na uhesabu pumzi zake dakika moja kamili. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifika 50, au mwenye mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au ukiona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, au ameshindwa kunyonya au kunywa, usichemshe kitu. Mpeleke hospitali usiku huohuo.